Mkono Mtupu Siku ya Noeli



Majilio yamefika, na kila nyumba imeanza kuhesabu siku. Wenye watoto walio mbali wanaulizana nani atakuja na nani hatakuja. Mwenye mbuzi anamtazama kwa jicho jingine. Na mafundi cherehani hawana nafasi hata ya kupumua. Ni furaha njema, wala hatukuchukua kalamu ili kuiharibu. Ila liko swali moja lililotusumbua kwa miaka kadhaa, nasi tumeona vema kulileta mbele yenu kabla ya sikukuu, wala si baada yake. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu asiye na kitu mkononi aweza kuja nyumbani siku ya Noeli bila kuona haya?

Mtasema, swali gani hilo? Bila shaka aweza. Nasi tulikuwa tukijibu vivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa. Lakini jibu la kinywa ni moja na jibu la mwenendo ni jingine. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo tuliifundisha darasani miaka mingi, na baadaye tuliwafundisha walimu wanafunzi chuoni namna ya kuifundisha. Tuliwaeleza kwamba maana yake ni kuwa asiye na cha kutoa hafuatwi na mtu. Waliojibu hivyo katika mtihani tuliwapa alama zote. Hatukuwauliza kama ndivyo inavyopasa kuwa.

Tutaanza na kosa letu wenyewe, maana si vema mzee kuwaonya wenziwe kwa makosa ya jirani. Nyumbani kwetu, Desemba ikiingia, tulikuwa na desturi ya kuwapigia simu watoto walioko mjini, na baada ya salamu tuliuliza kwa mzaha, "Haya, mwaka huu mtatuletea nini?" Wale wakubwa walicheka, wakataja: huyu mchele, yule kitenge cha mama, mwingine soda za watoto. Sisi tulicheka pia. Hatukuwa na shida ya mchele. Tulitaka tu kusikia furaha yao. Mtoto wetu wa nne alikuwa akifanya kazi dukani Dar es Salaam. Mwaka 2017 alisema kazi ni nyingi, hatapata ruhusa. Mwaka 2018 akasema hayo hayo. Tulinung'unika kidogo, tukasema mji umemmeza.

Mwaka 2019 hakuja tena. Ndipo mwezi wa Januari dada yake akatuambia kweli yote. Duka lile lilikuwa limefungwa tangu 2017, naye alikuwa akiishi kwa vibarua. Tena mkesha wa Noeli ile alikuwa amepanda basi, akafika hadi Muheza mjini, mahali ambapo hata kwa miguu mtu hufika kwetu kabla saa moja haijaisha. Akakaa stendi na mkate mmoja aliokuwa ameununua njiani. Akafikiri jinsi kaka zake watakavyoshusha magunia, akafikiri na swali letu la kila mwaka. Alasiri akapanda basi la mwisho kurudi alikotoka. Usiku ule sisi tulikuwa kanisani, tukiimba kwa nguvu habari za mtoto aliyekosa nafasi.

Hakuna aliyemfukuza. Kama angefika tungempokea kwa furaha, na hilo twaweza kuapa. Lakini mlango hufungwa hata kwa maneno, nasi tuliufunga huku tukicheka. Tangu siku ile tumerudi mara nyingi katika Maandiko kuangalia kama sikukuu hii inatuunga mkono, au inatuhukumu.

Kwanza tuangalie safari yenyewe. Noeli ya kwanza ilikuwa safari ya kwenda kwenye mji wa ukoo, kama hizi zetu. Luka aeleza kwamba Yusufu alikwenda Bethlehemu kwa sababu alikuwa wa mbari ya Daudi. Watoto wetu wa Shule ya Jumapili huigiza kila mwaka mwenye hoteli mkali anayewafukuza; lakini mwenye hoteli huyo hamo katika Injili. Neno la Kiyunani ambalo katika Biblia yetu twasoma nyumba ya wageni, ndilo lile lile Luka alilotumia kwa chumba ambamo Bwana alikula Pasaka pamoja na wanafunzi wake. Na ile nyumba ambako Msamaria mwema alimpeleka majeruhi, Luka aliiita kwa neno jingine. Kwa hiyo wako wataalamu wanaosema kwamba kilichojaa pengine kilikuwa chumba cha wageni katika nyumba ya jamaa, na mtoto akalazwa pale walipolishwa wanyama. Ikiwa ndivyo, basi Bwana wetu alizaliwa katikati ya ukoo uliojazana kwa safari, na aliyepewa nafasi ya mwisho ni yule aliyekuja mwisho, bila cheo na bila mali.

Pili, tuwatazame wageni. Wa kwanza kufika walikuwa wachungaji wa kondoo. Luka ataja kwamba walikwenda kwa haraka, wakamwona mtoto, wakaeleza waliyoambiwa, wakarudi wakimtukuza Mungu. Zawadi haitaji hata moja. Katika michezo yetu twawapa mwana-kondoo wa kubeba, kwa kuwa sisi wenyewe twaona haya kuwatazama wakiingia mikono mitupu. Injili haikuona haya hiyo. Dhahabu, uvumba na manemane ni habari za Mathayo, nazo zililetwa na mamajusi waliokuja baadaye. Kanisa, kwa busara yake, limeziwekea zawadi hizo siku yake, yaani Epifania, tarehe 6 Januari. Kati ya Noeli na Epifania zipo siku 12. Twaona hapo fundisho: mtu hupokelewa kwanza, zawadi hufuata. Sisi tumegeuza kalenda, tukaitanguliza Epifania mbele ya Noeli.

Tatu, tuitazame mikono ya Mariamu na Yusufu. Siku 40 baada ya kuzaliwa kwa mtoto walikwenda Yerusalemu kutimiza sheria ya utakaso, siku tunayoikumbuka tarehe 2 Februari. Sheria ya Walawi, sura ya 12, ilitaka mwana-kondoo na ndege mmoja. Ila asiyeweza kumpata mwana-kondoo aliruhusiwa kuleta ndege wawili tu. Luka anapoeleza sadaka yao, ataja ndege. Ni kusema kwamba familia takatifu iliingia hekaluni kwa mlango wa maskini, mbele ya watu, na kila aliyewaona alijua hali yao. Hawakungoja mpaka wapate kondoo ndipo waende nyumbani kwa Mungu.

Nne, na hili ndilo lililotugusa kuliko yote, Bethlehemu yenyewe ni mji wa mtu aliyerudi mikono mitupu. Katika kitabu cha Ruthu twasoma habari za Naomi, aliyeondoka Bethlehemu wakati wa njaa, pamoja na mumewe na wana wawili, wakaenda kutafuta maisha Moabu. Huko mume akafa, na wale wana wakafa. Naomi akarudi na mkwewe Mmoabu tu, naye alipowakuta wanawake wa mji hakuficha: aliwaambia kwamba alitoka hali amejaa, na sasa Bwana amemrudisha mtupu. Jina la mji huo katika Kiebrania maana yake ni Nyumba ya Mkate. Mji haukumwuliza ameleta nini. Ulikuwa mwanzo wa mavuno ya shayiri, na Ruthu akaruhusiwa kuokota masazo shambani mwa Boazi. Kutokana na ndoa ya hao wawili alizaliwa Obedi, na Obedi akamzaa Yese, na Yese akamzaa Daudi. Mathayo amelitaja jina la Ruthu katika ukoo wa Bwana Yesu. Fikirini, ndugu: kama Naomi angekaa stendi ya Moabu akaona haya kurudi nyumbani!

Hapo twajua kwamba wako watakaotupinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Rafiki yetu mmoja, mwalimu mwenzetu wa zamani, tulipozungumza naye jambo hili alitikisa kichwa. Alisema, "Mwalimu, mtawazoesha vijana uvivu. Atakula fedha zake zote kwa starehe, kisha aje kula mbuzi wa babaye. Hata Mtume Paulo alisema asiyetaka kufanya kazi asile." Ni kweli Mtume aliwaandikia Wathesalonike hivyo. Lakini alisema juu ya asiyetaka, wala hakusema juu ya aliyekosa. Na mzazi aliyeko kijijini, akisikiliza sauti ya simu tu, atajuaje yupi ni yupi? Sisi miaka mitatu hatukujua. Afadhali tumkaribishe mvivu mmoja kwa makosa kuliko kumwacha mwenye shida mmoja akirudia njiani. Kumkanya mvivu kuna wakati wake, na wakati huo ni rahisi zaidi akiwa ameketi mbele yetu, ameshiba.

Tena tukumbuke kwamba yule mwana mpotevu, utupu wake ulikuwa wa kosa lake mwenyewe, na baba alipiga mbio kumlaki kabla hajamaliza maneno ya toba. Katika mfano huo, hata hivyo, yuko kaka mkubwa, na katika kila ukoo yuko. Ndiye alipaye ada za wadogo, ndiye anunuaye bati, ndiye apigiwaye simu wa kwanza mgonjwa akipelekwa hospitali. Akichoka tusimhukumu upesi. Baba katika mfano hakumkemea. Alitoka nje akamsihi, akamhakikishia kwamba vyote alivyo navyo baba ni vyake. Nasi tunaomkaribisha asiye na kitu, tusisahau kumshukuru mwenye kutoa. Tusipofanya hivyo, tutafungua mlango mmoja na kuufunga mwingine.

Hoja ya pili ni ya desturi. Wengine husema, "Kwetu mtu haendi kwa wazee mikono mitupu, hata kilo ya sukari ni heshima." Kweli, nasi tulilelewa hivyo, wala hatutaki desturi hiyo ife. Zawadi ni lugha ya upendo. Ila liko jambo moja la kupambanua: zawadi ni kitu kimoja, na kiingilio ni kitu kingine. Sukari ni ile ile, na mkono ni ule ule. Tofauti iko katika hili, kwamba asiye nayo aweza kuingia au hawezi. Zawadi ikishakuwa sharti la kuingia, imekwisha kuwa tiketi, na nyumba ya wazazi si uwanja wa mpira.

Siku hizi limeongezeka jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Tangu mwaka 2008, huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini mwetu, mkono waweza kufika bila mwenyewe. Twashukuru, maana wengi wamepata dawa na ada kwa njia hiyo. Lakini tumeona nyumba ambamo siku ya Noeli simu zalia, fedha zaingia, na wazee wawili wala wali peke yao. Hao nao tunawaambia: mkono uliojaa usio na mtu ni ndugu yake yule mtu asiye na mkono uliojaa. Wote wawili wamedhani kwamba kinachongojewa nyumbani ni kitu.

Na hapa ndipo imani yetu inaposema waziwazi. Mungu alikuwa na kila kitu cha kututumia. Angaliweza kutuma vitu tu, na mara nyingi alituma: mana, mvua, manabii. Lakini kwa Noeli alikuja mwenyewe, naye alikuja bila kitu. Paulo awaambia Wakorintho kwamba Bwana wetu, ingawa alikuwa tajiri, alikuwa maskini kwa ajili yetu. Mikono ya mtoto mchanga ni mitupu kuliko mikono yote. Haiwezi hata kushika kijiko. Sisi twaipigia magoti mikono hiyo usiku wa manane, kisha asubuhi tunawatazama watoto wetu wenyewe mikononi. Hatuoni kwamba hapo tumeungama imani moja kanisani na nyingine barazani?

Wala Kanisa letu katika pande hizi halikuanza na watu wenye magunia. Misheni ya Vyuo Vikuu ilipoweka makao Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer, watoto wa kwanza iliowalea walikuwa waliotolewa utumwani. Hawakuwa na zawadi ya kuleta, wala baba wa kumletea. Kiungani, mahali walipofundishwa, pakawa chuo kilichotoa walimu na mapadre. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, alipewa upadre mwaka 1890. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, na jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini likawekwa pale pale siku ya Noeli ya mwaka huo huo. Waliokusanyika siku kama hiyo bila ukoo, Kanisa lilikuwa ukoo wao. Sisi ni wajukuu wao katika imani. Yafaa tusijenge tena ukuta pale walipobomoa wao.

Basi yatupasa nini? Tutataja machache, kama mwalimu anavyoandika ubaoni kabla kengele haijalia.

Kwanza, wazazi tubadili neno la kwanza la simu. Badala ya kuuliza mtatuletea nini, tuseme, "Njoo, twataka kukuona." Na kama twaweza, tuulize, "Nauli unayo?" Kuna kuku ambaye akiuzwa wiki mbili kabla ya sikukuu atamleta mtoto nyumbani, na nyama yake haitakumbukwa na mtu.

Pili, michango ya ukoo itolewe kwa siri. Siku hizi orodha huwekwa katika makundi ya simu: fulani elfu hamsini, fulani elfu ishirini, fulani bado. Neno hilo "bado" hukaa pale mchana na usiku mbele ya shangazi, wajomba na shemeji. Mtunza fedha ajue peke yake, yatosha.

Tatu, sare za familia. Zinapendeza, hatukatai. Lakini kabla ya kuchagua kitambaa, mmoja aulize kwa faragha kama yuko asiyeweza. Akiwapo, ama tumnunulie bila kutangaza, ama sote tuvae tulizo nazo.

Nne, neno kwa vijana wenyewe. Ninyi mnaokaa mjini mkiona haya, aibu yenu ina haki, maana sisi tumeipanda. Ila ina kiburi pia ndani yake, kwa kuwa inadhani mama yako anapenda sukari kuliko sura yako. Fanyeni kama Naomi: njooni, mseme hali ilivyo. Mtu hawezi kusaidiwa akiwa amejificha nyuma ya neno "kazi ni nyingi."

Tano, baada ya Misa ya Noeli tusikimbilie sufuria. Tutazame uani nani amebaki amesimama bila pa kwenda: mjane, mwanafunzi wa bweni, muuguzi mgeni aliyetoka zamu. Sahani moja zaidi haijapata kuifilisi nyumba.

Tumalizie habari tuliyoianza. Mwaka 2020 tulimpigia mwanetu mapema, tukamwomba radhi, jambo ambalo si rahisi kwa baba na mama wa Kiafrika, na tukamtumia nauli. Alikuja tarehe 23 na mfuko wa nguo zake. Alikuwa amesimama bado mlangoni wakati mjukuu wetu wa miaka sita alipomkimbilia akisema, "Mjomba, umetuletea nini?" Sote tukanyamaza. Hakuna aliyemfundisha mtoto yule kwa ubao wala kwa fimbo. Alikuwa ametusikia sisi. Mjomba mtu akatazama chini. Lakini mtoto hakungoja jibu. Alimshika mkono, akamvuta kwenda kumwonyesha ndama aliyezaliwa juzi yake, na wote wawili wakapotea nyuma ya nyumba.

Tulibaki hapo barazani tukifikiri juu ya methali ile tuliyoifundisha miaka mingi. Huenda ni kweli kwamba mkono mtupu haulambwi. Lakini mkono mtupu hushikika, na ule uliojaa mizigo haushikiki mpaka utue kwanza.

Twawatakia nyote Noeli yenye amani, pamoja na wale watakaokuja na wale ambao bado wako njiani wakisitasita. Anayemfahamu mmoja wa hao, ampigie simu leo.